Karatasi Tulizozichoma kwa Heshima

Siku ya arobaini ya babu tulichoma sanduku zima la karatasi. Nilikuwa kidato cha tatu, na kazi niliyopewa ilikuwa kubeba. Nilizitoa chumbani kwa mikono miwili, nikazipeleka uani nyuma ya jiko, na baba mdogo akazipokea moja moja, akaziweka motoni huku akisema bismillahi. Hapakuwa na mwenye nia mbaya pale. Karatasi zilikuwa na maandishi ya herufi za Kiarabu, mchwa wamezila pembeni, nyingine zimegandana kwa unyevu, na kila Mwislamu anajua kwamba karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jaani wala haiachwi ikanyagwe na kuku. Huzikwa, hutoswa baharini, au huchomwa. Sisi tulichoma, na jioni maji yalipojaa tukamwaga jivu lake baharini, hapa hapa Mikindani.

Miaka mingi ilipita ndipo nikajua tulichoma nini.

Nilijua kwa sababu ya sanduku la pili. Hili lilikuwa kwa shangazi, sanduku la bati alilowekea khanga zake nzuri, udi na chupa za marashi. Siku moja aliniita nimsaidie kulihamisha ukutani kwa sababu paa lilikuwa linavuja. Tulipotoa khanga zote, chini kabisa palikuwa na tabaka la karatasi alizozitandika mwenyewe miaka hiyo ili bati lisizitie nguo kutu. Harufu ya karafuu maiti ilikuwa bado kali, na pengine ndiyo iliyowafukuza wadudu. Nilichukua ya juu, nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Nilijaribu kusoma kama tulivyosoma chuo cha Kurani, nikitarajia aya. Neno la kwanza nililolitambua lilikuwa "minazi".

Hakuna "minazi" katika Kurani. Ile karatasi ilikuwa Kiswahili.

Nilikaa pale kizingitini muda mrefu. Nilizikumbuka zile nilizozibeba kwa mikono yangu, bunda baada ya bunda, na moto ukizipokea. Pengine zilikuwamo aya na dua, na hizo tulizitendea haki. Lakini nyingine zilikuwa maneno ya watu wa nyumba yetu, kwa lugha yetu, na katika watu wote waliosimama uani siku ile hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kuzitenganisha.

Chuoni kwa maalimu tulifundishwa kusoma Kurani kwa herufi za Kiarabu, kwa lugha tusiyoielewa. Shuleni tukafundishwa kusoma Kiswahili, lugha tuliyoielewa, kwa a e i o u. Hakuna aliyetufundisha kwamba vitu hivi viwili viliwahi kuwa kitu kimoja, na kwamba kwa mamia ya miaka watu wa pwani hii waliandika Kiswahili chao kwa herufi zile zile. Waliandika barua, madeni, ndoa, talaka, wasia, mashairi, na siku za kuzaliwa watoto. Wajerumani walipoingia walilikuta jambo hili limekomaa kiasi kwamba mwaka 1892 C. G. Büttner alichapa Berlin mkusanyo mzima wa barua na hati za Kiswahili za herufi za Kiarabu, ili maofisa wao wajifunze kuzisoma. Na mwaka 1890, Machemba, mtawala wa Kiyao aliyekuwa juu kwenye uwanda wa Makonde, alipotakiwa na Wissmann, kamishna wa Wajerumani, ajisalimishe, alimjibu kwa barua ya Kiswahili kwamba haoni sababu ya kumtii. Ndiyo lugha iliyotumika kukataa.

Kisha zikaja shule za serikali, ya kwanza Tanga mwaka 1892, na ukarani ukawa wa herufi za Kizungu. Aliyetaka kazi alijifunza hizo. Babu yangu alikuwa na zote mbili mkononi: kwenye chama cha ushirika alitia sahihi ya korosho zake kwa herufi hizi tunazotumia leo, na nyumbani alipozaliwa mtoto aliandika kwa herufi za wazee wake. Baba yangu alipata zile za shule peke yake. Ujuzi huo ulikatika kwenye nyumba yetu kati ya mtu na mwanawe, na hakuna aliyeusikia ukikatika.

Wageni wakija Mikindani wanaoneshwa nyumba yenye kibao cha David Livingstone, aliyeshuka ghuba hii Machi 1866 kabla ya kushika njia ya bara, safari ambayo hakurudi. Wanapandishwa Boma, waliyoijenga Wajerumani mwaka 1895 na ambayo sasa ni hoteli. Vibao hivyo sina ugomvi navyo, na Boma ilivyotengenezwa ni jambo la kushukuru, maana nyumba nyingi za mawe jirani yake zimeota mibuyu na mivumo ndani. Linaloniuma ni kwamba mtu aliyepita siku chache ana kibao, na waliomuuzia chakula hawana. Mji unaelezwa kwa waliopita. Ukiuliza wenyeji ni akina nani, jibu la haraka ni "Waarabu", kana kwamba Wamakonde wa pwani, hawa tunaoitwa Wamaraba, tulishuka jana kutoka uwandani kuja kutazama bahari. Wanaakiolojia waliochimba kandokando ya ghuba hii wamepata vigae vya vyungu vya watu walioishi hapa tangu milenia ya kwanza. Vyungu vya hapa, vilivyofinyangwa hapa.

Na vya kwetu vikihifadhiwa, huhifadhiwa mbali. Tarikh ya masultani wa Kilwa tunaisoma kwa sababu nakala yake iko London. Masimulizi ya wazee wa Lindi na wa Sudi juu ya miji yao yalichapwa Ujerumani mwaka 1907 na Carl Velten. Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, kilomita kama 60 kutoka Lindi mjini, ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na mabegani na watu wa huku mpaka bandarini Lindi, na leo mjusi wake mkubwa amesimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin kwa urefu unaozidi mita 13. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Nimewauliza watu wengi wa Lindi jina hilo, wasomi na wasio wasomi, na sijapata bado anayelijua.

Lakini nirudi kwenye sanduku, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

Nilimtafuta maalimu mmoja mzee, katika wachache waliobaki wanaosoma Kiswahili cha hati hizo bila kusitasita. Alinionya mapema kwamba kazi ni ngumu kuliko inavyoonekana. Kiarabu kina irabu tatu, Kiswahili kina tano, kwa hiyo i na e zinaandikwa kwa alama moja, u na o vivyo hivyo. Kiarabu hakina p wala ch wala v, na waandishi wa zamani wa huku walitumia herufi iliyo karibu: p ikawa b, ch ikawa sh, v ikawa f. Na sauti kama mb na nd mara nyingi waliandika ile konsonanti ya pili tu. Kwa hiyo msomaji lazima aijue lugha kwanza, ndipo maandishi yamfunukie. Mgeni mwenye Kiarabu kizuri hawezi kuzisoma karatasi zetu. Anayezisoma ni mwenye Kiswahili chake.

Karatasi ya kwanza niliyojaribu mwenyewe ilikuwa ya deni, ya mwaka 1301 wa Hijria, ulioanza Novemba 1883. Nilikwenda nayo vizuri mpaka nikafika mahali pameandikwa kwamba mtu fulani amepokea "frasila mbili na nusu bibi". Nilirudia mara tatu. B na alama ya chini, b na alama ya chini. Bibi. Moyo ulinidunda, kwa sababu najua bandari hizi zilifanya biashara gani, najua misafara iliyoshuka kutoka Nyasa kuja Kilwa Kivinje na kwetu, na nilidhani nimefika kwenye lile jambo ambalo hakuna anayelizungumza nyumbani.

Maalimu aliichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho.

"Mwanangu, mtu hapimwi kwa frasila. Hiyo ni pembe."

P imeandikwa b, e imeandikwa i, mb imeandikwa b. Pembe za ndovu, frasila mbili na nusu, kama kilo 40. Nilipumua.

Karatasi ile yenye neno minazi tuliimaliza kwa siku mbili, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni wasia. Mwenye wasia anasema ana minazi yake, anaitaja kwa idadi na kwa mipaka, kuanzia kisima mpaka mkwaju, maana minazi hapa ilihesabiwa mti kwa mti, na mwenye mti hakuwa lazima awe mwenye ardhi. Kisha anasema thuluthi ya minazi hiyo apewe mtoto wa dada yake.

Asiyeijua pwani ya kusini ataona ni ukarimu tu. Lakini kwa Wamakonde ukoo ulifuata upande wa mama. Mtoto wa dada ndiye mrithi wa mjomba, ndiye atakayeshika jina, na mjomba anayemsahau mpwa wake amevunja jambo kubwa. Katika sheria ya Kiislamu, mtoto wa dada hapati fungu mjomba akiwa ameacha watoto wa kiume, ila mtu ana ruhusa ya kuusia kiasi kisichozidi thuluthi ya mali yake kwa asiyekuwa mrithi. Huyu mzee wetu alifika kwenye thuluthi ile ile, hakupunguza wala hakuzidisha. Alitimiza mila ya mama zake ndani ya sheria ya dini yake, na hakuona haja ya kueleza. Chini kuna mashahidi wanne, wawili wana majina ya Kiislamu, wawili majina ya Kimakonde matupu. Nikisikia mtu anasema utamaduni wetu ni wa kuletwa natamani nimkalishe mbele ya karatasi hii moja, nimsomee polepole.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakilinda moja kwa moja kilichotengenezwa kabla ya 1863. Wasia huu ni wa baada ya hapo, na deni la pembe ni la baada ya hapo. Nyaraka za namna hii za nyumba binafsi ziko mikononi mwa wenye nyumba, na uhai wake ni uhai wa masanduku. Kimbunga Kenneth kilipotangazwa Aprili 2019 na watu wa mabondeni wakaambiwa wahamie sehemu za juu, shangazi alifunga hati ya kiwanja, kadi ya kliniki ya mjukuu, na lile bunda la karatasi ndani ya mfuko wa salfeti, akajifunga kifuani kwa khanga mbili. Kimbunga kilielekea Cabo Delgado kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, kikawatenda vibaya sana. Kwetu ilikuwa mvua na hofu. Lakini tangu siku hiyo sikungoja tena.

Tulianza mimi na maalimu, kwa simu yangu na shuka jeupe. Tunakwenda nyumba kwa nyumba, tukiitwa, hatujipeleki. Shuka linatandikwa uani penye mwanga wa asubuhi, kivulini, karatasi inawekwa juu yake, napiga picha bila taa ya simu, mbele na nyuma. Zilizogandana hatuzibandui kwa nguvu. Hatuondoki na karatasi ya mtu hata kwa usiku mmoja, kwa sababu pwani hii imekwisha kuazimwa vitu visivyorudi. Mwenye nyumba anapewa nakala iliyochapwa na, akitaka, maneno yake kwa herufi za leo. Tunamweleza asiweke kwenye nailoni, inafuga unyevu, aweke kwenye kitambaa cha pamba na karafuu maiti, juu, mbali na sakafu ya udongo. Mpaka sasa tumeingia nyumba tisa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo mzuri wa miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu, uliokusanywa kwa bidii kubwa na J. W. T. Allen, na orodha yake ilitoka mwaka 1970. Hiyo inanionesha kwamba kazi inawezekana. Mwingi wa mkusanyo huo ni tenzi, na inastahili kuwa hivyo. Mimi natafuta madeni na minazi.

Si kila nyumba inafungua sanduku. Mwanzoni nilidhani wanaokataa wanaogopa kurogwa, au kesi za mashamba. Wapo wa hivyo. Lakini wengi wana sababu ambayo niliielewa nilipofika chini ya bunda letu wenyewe.

Karatasi ya mwisho ilikuwa orodha ya mirathi ya mwaka 1306. Mwaka huo wa Hijria ulianza Septemba 1888, mwezi ule ule watu wa pwani walipoinuka na maofisa wa kampuni ya Kijerumani wakaikimbia Lindi na Mikindani kwa bahari. Katika fujo hiyo mtu mmoja wa ukoo wetu alikufa, na aliyebaki akaketi kuorodhesha mali yake kwa mwandiko mzuri, uliotulia. Minazi. Shamba la mtama. Mashua na tanga lake. Sufuria mbili za shaba. Na mjakazi mmoja, kisha jina lake, kisha thamani yake kwa riale.

Safari hii nilisoma sawasawa. Maalimu hakunisahihisha. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

Nilimsomea shangazi jioni. Nilipolitaja jina akainua mkono nisiendelee. Jina hilo si la kawaida, na lipo mtaani kwetu, kwenye nyumba moja, ambako katika kila kizazi binti mmoja hupewa. Tumecheza na watoto wa nyumba hiyo, tumezikana, tumekula arusi pamoja. Utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika kwa sheria mwaka 1922, na tangu hapo heshima ya mji ni kutotaja. Watu hawaulizani.

"Irudi chini ya khanga," shangazi akasema.

Ikarudi. Sikubishana naye, na sikupiga picha. Karatasi ni yake, na sikuona ni haki yangu kuamua peke yangu aibu ya nyumba mbili. Ila nililala vibaya. Niliwaza kwamba tukiikalia itakuwa kama tuliyoyafanya uani siku ya arobaini, tena safari hii tunajua kusoma.

Ikapita miezi mitatu. Mwezi wa maulidi, shangazi alikuwa anapembua mchele na yule bi mkubwa wa nyumba ile, shoga yake tangu unyago. Sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba niliitwa, nikakuta sanduku liko wazi na khanga zimepangwa kitandani.

"Msomee mwenzangu," shangazi akasema, akatoka nje, akatuachia chumba.

Bi mkubwa alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Nilimwamkia tena ingawa tulikwisha kuamkiana. Nikaitandika ile karatasi kwenye mto, nikasoma tangu mwanzo, minazi na mtama na mashua, kwa sababu sikutaka kurukia. Nilipofika kwenye jina, sauti ilinipotea kidogo, lakini nikalitamka.

"Liko wapi?"

Nikamwonesha. Aliweka kidole chake juu yake, kidole cha mtu aliyebangua korosho maisha yake yote, ncha nyeusi kwa mafuta yake. Akakiacha hapo.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Na hapo mbele pameandikwa nini?"

"Ni thamani, Bi mkubwa. Kwa riale."

"Hiyo usisome."

Sikusoma. Tulikaa kimya, nje mchele ukipepetwa. Kisha akaniuliza kama naweza kumpigia picha ya jina tu, bila ya yanayotangulia na yanayofuata, awaoneshe wajukuu zake kwamba bibi yao aliandikwa. Nilifunika mistari ya juu kwa khanga na ya chini kwa kiganja, nikapiga. Kesho yake asubuhi nilipanda bajaji kwenda Mtwara mjini kuichapisha, karatasi nzito, jina kubwa katikati. Nikampelekea nyumbani kwake.

Aliipokea kwa mikono miwili.